Kombe la Santiago la Mwaka 1959 na Kikosi cha Jeshi la Anga

Mashindano ya tatu ya dunia ya mpira wa kikapu kwa wanaume yalifanyika nchini Chile mwezi Januari 1959. Katika kumbukumbu za mashindano hayo timu zilizoingia duru ya mwisho zimeandikwa kwa mfuatano huu: Brazil ya kwanza, Marekani ya pili, Chile ya tatu, Formosa ya nne, Puerto Rico ya tano, Muungano wa Kisovieti ya sita, na Bulgaria ya saba. Mtu anayesoma orodha hiyo bila kuzijua habari zake atadhani kwamba Wasovieti walikwenda Chile wakiwa dhaifu, na kwamba Wamarekani walikosa ubingwa kwa nafasi ndogo tu.

Ukweli wa uwanjani haukuwa hivyo. Timu ya Kisovieti haikufungwa katika mchezo wowote iliocheza. Wamarekani, ambao orodha inawaweka nafasi nne juu yake, walifungwa na timu hiyo hiyo kwa pointi 62 kwa 37. Na wachezaji hao wa Marekani hawakuwa wateule wa nchi nzima. Walikuwa wanajeshi, kombaini ya Jeshi la Anga, waliotumwa kubeba bendera ya taifa lililouvumbua mchezo wenyewe.

Habari hii ina maswali mawili yanayomhusu kila askari anayevaa jezi ya timu. La kwanza ni hili: je, inafaa kikosi cha idara moja, hata kiwe hodari namna gani, kubebeshwa peke yake jina la taifa zima? La pili ni gumu zaidi: mchezaji aliyekwisha kushinda kwa jasho lake afanye nini inapofika amri ya kumtoa uwanjani?

Ili kulijibu la kwanza ni lazima kwanza kueleza jinsi Marekani ilivyokuwa ikichagua timu zake siku hizo. Wachezaji wake mashuhuri walikuwa katika ligi ya kulipwa, iliyoanzishwa mwaka 1946 na kuitwa NBA tangu mwaka 1949. Lakini sheria za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, hazikuwaruhusu wachezaji wa kulipwa wa ligi hiyo kuingia katika mashindano ya dunia wala ya Olimpiki. Mlango huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1989. Kwa miaka yote ya kabla ya hapo, bendera ya Marekani ilibebwa na wachezaji wa ridhaa: wanafunzi wa vyuo vikuu, wafanyakazi waliochezea timu za makampuni yao, na askari waliochezea timu za majeshi yao.

Nchi nyingi zilikuwa zikikusanya wachezaji kutoka kila upande na kuwaweka pamoja kambini. Marekani, kwa mashindano ya dunia, ilikuwa ikichukua kikosi kilichokwisha kuundwa na kukipa jezi ya taifa. Mwaka 1950 mashindano ya kwanza yalipofanyika Buenos Aires, ilipeleka timu ya Denver Chevrolets. Ikafungwa na wenyeji Argentina kwa pointi 64 kwa 50, na Argentina ikawa bingwa wa kwanza wa dunia. Mwaka 1954 mashindano yalipofanyika Rio de Janeiro, ilipeleka timu ya Peoria Caterpillars, ya kampuni iliyojulikana kwa matrekta na mashine za kutengenezea barabara. Hiyo ikarudi na ubingwa baada ya kuwafunga Wabrazil kwa 62 kwa 41. Mwaka 1959 ikawa zamu ya Jeshi la Anga.

Isidhaniwe kwamba wanajeshi hao walikuwa wachezaji wa kuokoteza. Sheria ya kulazimisha vijana kutumikia jeshi ilikuwa bado ina nguvu nchini Marekani, na vijana wengi waliomaliza vyuo vikuu waliingia jeshini, na pamoja nao wachezaji wa kikapu waliojifunza mchezo kwa makocha wazuri. Mwaka 1957 kombaini ya Jeshi la Anga ilishinda mashindano ya ridhaa ya taifa mjini Denver, mbele ya timu za makampuni zilizokuwa na sifa kubwa. Kwa hiyo uwezo ulikuwapo. Lakini kuwa bingwa kati ya timu za nyumbani ni jambo moja, na kusimama mbele ya mataifa yaliyokusanya nguvu zake zote ni jambo jingine. Zaidi ya hayo, mwezi Januari nchini Marekani ni katikati ya msimu wa mpira wa kikapu. Vyuo vikuu vilikuwa na ratiba zao, na makampuni yalikuwa na ligi yao. Wachezaji waliokuwa katika timu hizo walibaki huko, nao wanajeshi wakaenda Chile peke yao.

Upande wa pili walikuwapo Wasovieti. Hao walikuwa wamefungwa na Marekani katika fainali mbili za Olimpiki zilizofuatana: mwaka 1952 mjini Helsinki kwa 36 kwa 25, na mwaka 1956 mjini Melbourne kwa 89 kwa 55. Kufungwa huko hakukuwavunja moyo, waliendelea kujenga. Inafaa askari wajue kwamba sehemu kubwa ya ujenzi huo ilifanyika katika vilabu vya jeshi. Mfano ni klabu ya jeshi ya mjini Riga, chini ya kocha Alexander Gomelsky, iliyotwaa Kombe la Vilabu Bingwa vya Ulaya mara tatu za kwanza, mwaka 1958, 1959 na 1960. Katika klabu hiyo alikuwamo Jānis Krūmiņš, Mlatvia mwenye urefu wa sentimita 218, ambaye katika siku zile ilikuwa vigumu kumpata mtu wa kumkabili chini ya kikapu. Tofauti ilikuwa hapa: jeshi la Kisovieti liliwatoa wachezaji wake wakaungane na wengine katika timu moja ya taifa, lakini Jeshi la Anga la Marekani liliachwa lisimame mahali pa taifa.

Mashindano yenyewe yalikuwa yamepangwa kufanyika mwaka 1958, yakaahirishwa kwa sababu ukumbi mkubwa uliokuwa ukijengwa Santiago haukuwa tayari. Hata Januari 1959 ilipofika ukumbi ulikuwa bado. Duru ya mwisho ikachezwa katika Uwanja wa Taifa, mahali pa wazi, chini ya mbingu za kiangazi cha nchi za kusini. Timu zilizoanza zilikuwa 13, zikachujwa mpaka zikabaki saba, na kila moja ya hizo saba ilitakiwa kucheza na wenzake wote.

Hapo ndipo Wamarekani walipokutana na Wasovieti. Ili kuielewa hesabu ya 62 kwa 37, msikilizaji akumbuke kwamba siku hizo hapakuwa na kikapu cha pointi tatu. Katika mashindano ya FIBA sheria hiyo ilikuja mwaka 1984. Kila kikapu kilikuwa cha pointi mbili, na mtupo wa adhabu ulikuwa wa pointi moja. Mchezo ni wa dakika 40. Timu iliyopata pointi 37 haikufikisha hata pointi moja kwa kila dakika, na kuliziba pengo la pointi 25 kungehitaji vikapu 13 zaidi bila mpinzani kuongeza kitu. Katika mchezo wao mwingine mkubwa, wanajeshi hao walifungwa pia na Brazil, kwa 81 kwa 67. Hawakukosa bidii, lakini kazi waliyopewa ilizidi uwezo wa idara moja.

Tugeukie sasa swali la pili. Miongoni mwa timu saba za duru ya mwisho ilikuwamo timu ya Formosa, yaani kisiwa cha Taiwan, iliyokuja kwa jina la serikali ya Chiang Kai-shek. Serikali hiyo ilikuwa imekimbilia kisiwani baada ya kushindwa katika vita vya China, na tangu Oktoba 1949 Muungano wa Kisovieti uliitambua serikali ya Peking kuwa ndiyo ya China. Mwezi Agosti 1958, miezi mitano tu kabla ya mashindano, mizinga ilianza kulia katika mlangobahari wa Taiwan, na mwezi huo huo Peking ilijitoa katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na katika mashirikisho kadhaa ya michezo, kwa sababu mashirikisho hayo yaliendelea kuikubali Taiwan. Kwa Moscow, kucheza na Formosa mbele ya dunia kungekuwa na maana ya kuitambua.

Basi Wasovieti wakakataa kucheza na Formosa. Wabulgaria nao wakakataa. Sheria ya mashindano ilikuwa wazi: timu inayokataa kuingia uwanjani imeshindwa. Timu hizo mbili zikanyimwa pointi zote za duru ya mwisho, zikawekwa mwisho wa orodha, na Formosa ikapanda mpaka nafasi ya nne. Wachezaji waliowafunga Wamarekani kwa pointi 25, na waliowafunga hata Wabrazil waliokuja kuwa mabingwa, wakarudi nyumbani wakiwa wa sita. Kombe likaenda Brazil.

Lawama iangukie wapi? Wako wanaosema kwamba FIBA ilidhulumu, maana bingwa wa kweli alijulikana na kila mwenye macho. Hoja hiyo haisimami. Sheria ilikuwa moja kwa timu zote, na shirikisho ambalo lingemruhusu mwenye nguvu kuchagua wa kucheza naye na wa kumkataa, lingekuwa limeua mashindano yote. Wako wengine wanaosema kwamba Wasovieti walifanya upumbavu kutupa kombe kwa sababu ya jina la kisiwa. Hao nao wanasahau kwamba mchezaji anayevaa jezi ya taifa hajivalii mwenyewe. Amri haikutungwa na kocha wala na mfungaji wa vikapu. Ilikuwa siasa ya dola, na dola ndiyo iliyopima faida na hasara, ikaona kwamba urafiki na Peking una uzito kuliko kombe.

Lililo kweli ni kwamba dola ilichagua, na gharama wakailipa wachezaji. Jambo hilo askari hulielewa kuliko raia. Askari hufundishwa kwamba amri halali hutiiwa hata pale moyo unapouma. Lakini mwenye kutoa amri naye ana wajibu: ajue anachokitoa sadaka, asijidanganye kwamba hakuna kilichopotea. Miaka iliyopita tangu siku hiyo imeonyesha kwamba kilichopotea hakikurudi. Mwaka 1971 kiti cha China katika Umoja wa Mataifa kilipewa Peking, na ugomvi ule ukachukua sura nyingine. Urafiki wa Moscow na Peking ulikuwa umekwisha kuvunjika siku nyingi. Na mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti wenyewe ulisambaratika. Orodha ya Santiago haikubadilika. Wasovieti wangali wa sita.

Na Brazil je? Je, ubingwa wake ulikuwa wa kuokota? Mwaka 1959 wengi walikuwa na haki ya kuuliza hivyo. Brazil ilikuwa na kocha Togo Renan Soares, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kanela, na wachezaji wawili wa daraja la juu, Amaury Pasos na Wlamir Marques. Hawakulumbana na waliowabeza. Waliendelea kufanya mazoezi pamoja, timu ile ile kwa sehemu kubwa, kocha yule yule. Mwaka 1960 katika Olimpiki ya Roma walipata medali ya shaba. Mwaka 1963 mashindano ya nne ya dunia yalipofanyika nyumbani kwao, mjini Rio de Janeiro, Wasovieti walikuwapo na Wamarekani walikuwapo, hakuna aliyesusia, na Brazil ikatwaa ubingwa tena. Katika mchezo wake na Marekani ilishinda kwa 85 kwa 81. Hapo shaka ya Santiago ikafutwa.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mashindano hayo ya mwaka 1963 hayakupangwa kuwa Rio. Yalikuwa yafanyike Manila mwaka 1962, lakini serikali ya Philippines ilikataa kutoa viza kwa wachezaji wa nchi za kikomunisti. FIBA ikaiondolea Philippines uenyeji na kuupeleka Brazil. Yaani sheria iliyowaadhibu Wasovieti kwa kuikataa Formosa ndiyo iliyoiadhibu Philippines kwa kuwakataa wakomunisti. Haki yenye kupima pande zote mbili kwa mizani moja ndiyo haki, na kwa hilo shirikisho hilo linastahili sifa.

Wamarekani nao walijifunza. Kwa Olimpiki ya Roma ya mwaka 1960 hawakuteua kikosi cha kampuni moja wala cha jeshi moja. Waliwapima wachezaji wa vyuo, wa makampuni na wa majeshi, wakachagua 12 bila kujali walikotoka. Oscar Robertson, Jerry West na Jerry Lucas walitoka vyuo vikuu. Kocha alikuwa Pete Newell wa Chuo Kikuu cha California. Lakini askari hakuachwa nje: Adrian Smith, aliyekuwa akitumikia Jeshi la Nchi Kavu, alipata nafasi yake kati ya wale 12. Timu hiyo iliwafunga Wasovieti kwa 81 kwa 57 na Wabrazil kwa 90 kwa 63, ikarudi na medali ya dhahabu. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu tu tangu Santiago. Mchezo na taifa vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni namna ya kuteua.

Hapa kwetu Afrika, majeshi yamekuwa nguzo ya mchezo huu kwa miaka mingi. Klabu ya Primeiro de Agosto ya Luanda, iliyoundwa mwaka 1977 na majeshi ya Angola, ilikuwa bingwa wa vilabu vya Afrika mara nne mfululizo, tangu mwaka 2007 hadi 2010, na wachezaji wake wamekuwa uti wa mgongo wa timu ya taifa ya Angola. Nchini Kenya, timu ya majeshi ya ulinzi, Ulinzi Warriors, imekuwa bingwa wa ligi. Nchini Rwanda, klabu ya jeshi, APR, iliiwakilisha ligi ya nchi yake katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika mwaka 2024. Sababu za mafanikio hayo hazifichiki. Askari huamka mapema, hufanya mazoezi kwa saa, hula pamoja, hulala pamoja, na hutii kiongozi wake. Timu ya raia hutafuta mambo hayo kwa fedha na kwa ushawishi. Timu ya askari huyapata kwa utaratibu wa kazi.

Ndiyo maana majeshi yana mashindano yao wenyewe. Baraza la Kimataifa la Michezo ya Majeshi liliundwa mwaka 1948 mjini Nice na nchi tano, nazo ni Ubelgiji, Denmark, Ufaransa, Luxembourg na Uholanzi, miaka mitatu tu baada ya kumalizika vita ambamo tatu kati ya majeshi hayo yalivunjwa katika muda wa siku chache. Shabaha yake ni urafiki kwa njia ya michezo. Huko kombaini ya jeshi hubeba bendera yake kwa haki kamili, kwa kuwa inakutana na majeshi wenzake, na ushindi au kushindwa kwake ni kwa jeshi lenyewe.

Lakini taifa linapoitwa, na liitwe lote. Jeshi litoe wachezaji wake walio bora, polisi watoe wao, vyuo vitoe vyao, na mitaa itoe yake. Kamanda anayemzuia mchezaji wake asiende timu ya taifa ili asipungukiwe katika ligi, na kiongozi wa michezo anayepeleka klabu moja nje kwa sababu ni rahisi kuikusanya, wote wawili wanalifanyia taifa kosa lile lile lililofanyika Santiago. Wanajeshi wale wa Jeshi la Anga walipata nafasi ya pili kwa kalamu, lakini uwanjani walipata pointi 37. Medali hiyo haikuwafundisha Wamarekani neno. Waliofundishwa na zile pointi 37 ndio waliorudi na dhahabu kutoka Roma.

Naye askari mchezaji, ambaye huenda siku moja akaamriwa kutoka uwanjani akiwa anaongoza, akumbuke Wabrazil. Heshima ambayo mkono wa mtu mwingine unaweza kuitoa au kuinyima ni heshima ya kuazima. Ile inayodumu ni ile ambayo timu iko tayari kuithibitisha tena, uwanja wowote, mbele ya mpinzani yeyote, siku itakayoitwa.